Shahidi Kutoka Katika Jamaa Zao: Wilfrid Blunt na Uvamizi wa Misri wa 1882

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.

Ndugu msomaji, kuna jina moja la Kizungu ambalo limekuwa likitajwa katika darsa zetu na hata juu ya mimbari, nalo ni la Wilfrid Scawen Blunt, Mwingereza aliyesafiri katika nchi za Waislamu kati ya miaka ya 1870 na 1900, kisha akaandika vitabu vya kuilaumu serikali yake mwenyewe. Wapo makhatibu wanaosema kuwa bwana huyu alisilimu na akaipigania dini. Wapo wanafunzi wanaosema kinyume chake, kwamba haijuzu kuchukua habari za historia ya Waislamu kutoka kwa kafiri, hata akiwa amesema la kutufurahisha. Kauli ya kwanza ni uongo, ingawa anayeisema huenda hakukusudia kusema uongo. Kauli ya pili inahitaji ufafanuzi. Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya mtu huyu: nani alikuwa, alishuhudia nini, na ushahidi wake una uzito gani katika mizani ya elimu yetu.

Blunt alizaliwa mwaka 1840 katika ukoo wa wenye mashamba makubwa huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Aliingia katika kazi ya ubalozi mwaka 1858 akiwa bado kijana, akaiacha mwaka 1869 alipomuoa Lady Anne, mjukuu wa mshairi Byron. Mwanamke huyu asisahauliwe, kwani katika safari nyingi ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu kila siku, na Kiarabu chake kilikuwa bora kuliko cha mumewe. Vitabu viwili vilivyowatangaza, kimoja kuhusu mabedui wa Furati kilichotoka 1879 na kingine kuhusu safari ya Najd kilichotoka 1881, vimebeba jina lake yeye. Mume alivihariri na kuongeza sura zake.

Safari zao zilianzia Uturuki mwaka 1873, kisha Aljeria 1874, Misri katika majira ya baridi ya 1875 na 1876, bonde la Furati 1877 na 1878, na hatimaye Najd, ambako mwanzoni mwa 1879 walifika Ha'il na kupokewa na Amir Muhammad bin Rashid. Hawakujigeuza majina wala hawakujidai kuwa mahujaji, tofauti na Wazungu wengine wa karne ile walioingia nchi za Waarabu kwa hila. Walikwenda wakitafuta farasi wa asili ya Kiarabu, na farasi hao waliwapeleka Sussex wakaanzisha zizi lililopata umaarufu mkubwa. Lakini mtu anayesafiri kwa farasi na kulala katika mahema huona mambo ambayo mkaguzi wa hesabu za serikali hayaoni.

Aliyoyaona mashambani

Ni muhimu tuelewe kwamba Blunt hakuanza akiwa mpinzani wa ukoloni. Mwenyewe ameeleza kuwa alipokwenda Aljeria alikuwa na imani ya kawaida ya Waingereza wa tabaka lake: kwamba Ufaransa inatawala vibaya na Uingereza inatawala vizuri. Kule aliwaona Waarabu walionyang'anywa ardhi wakiwa wageni katika nchi yao, akawahurumia. Hakufikiri hata kidogo kuwa huenda na nchi yake inafanya hayo hayo mahali pengine.

Kilichoanza kumbadilisha ni Misri. Alifika siku za mwisho za Khedivi Ismail, ambaye alitawala kuanzia mwaka 1863. Ismail aliikuta nchi ina deni la pauni milioni chache tu, na kufikia mwaka 1876 deni lilikuwa limepita pauni milioni 90, zilizokopwa kwa riba kutoka mabenki ya London na Paris. Mwaka 1875 aliiuzia serikali ya Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa takriban pauni milioni 4, mfereji ambao ulichimbwa na wakulima wa Kimisri waliolazimishwa kufanya kazi. Fedha hizo zilimezwa na deni.

Blunt na mkewe walipita vijijini kwa hema, wakasikiliza. Anaeleza kuwa wakati ule ilikuwa nadra kumkuta mkulima shambani mwenye kilemba kichwani, au mwenye nguo nyingine zaidi ya kanzu moja mwilini. Wakusanya kodi walikuja na mijeledi. Siku za soko katika miji midogo wanawake walifika kuuza nguo zao na mapambo yao ya fedha kwa wakopeshaji wa riba, kwa sababu mkusanya kodi yumo kijijini na mjeledi uko mkononi mwake. Wakulima walikuwa wakilipia anasa ambazo hawakuzila, kwa wadai ambao hawakuwajua.

Hapa tusimame kidogo. Imamu anayesoma habari hizi atakumbuka milango ya fiqhi: mlango wa riba, mlango wa ghasbi, na yale waliyoyaandika wanazuoni kuhusu mtawala anayetumia mali ya umma kinyume na maslahi ya raia. Blunt hakusoma milango hiyo. Lakini hoja aliyoishikilia kwa miaka mingi inakaribiana nayo: kwamba deni lilikuwa la Ismail na washirika wake, waliolikopesha walijua wanamkopesha nani, na si haki kumtoa mkulima kanzu yake ili mwenye hati fungani mjini London apate riba yake. Wadai waliona vinginevyo. Mwaka 1876 iliundwa tume ya deni, mapato ya Misri yakawekwa chini ya wasimamizi wawili, Mwingereza na Mfaransa, na mwaka 1879 Sultani wa Istanbul alishinikizwa amuondoe Ismail na kumweka mwanawe Tawfiq.

Kukutana na Sheikh Muhammad Abduh

Mwishoni mwa 1880 Blunt alifika Jidda, akakaa akiongea na mahujaji waliokuwa wakirejea makwao. Kisha akaenda Cairo kujifunza Kiarabu na mambo ya dini. Mwalimu wake alikuwa sheikh kijana wa al-Azhar aitwaye Muhammad Khalil, na ndiye aliyempeleka, mwishoni mwa Januari 1881, kwa Sheikh Muhammad Abduh. Urafiki huo ulidumu mpaka Sheikh alipofariki mwaka 1905. Baadaye walikuwa majirani nje ya Cairo, katika eneo ambalo Blunt alinunua bustani iitwayo Shaykh Ubayd, na mwaka 1903 Sheikh, akiwa Mufti wa Misri, alimtembelea Blunt Uingereza.

Matokeo ya miezi hiyo ni makala alizozichapisha London mwaka 1881, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1882 kuhusu mustakabali wa Uislamu. Makhatibu wanaokisifu kitabu hiki tunawaomba wakisome tena. Ndani yake mna heshima kwa Waislamu isiyo ya kawaida kwa Mwingereza wa zama zile, na mna elimu ya kutosha kuhusu madhehebu mpaka Maibadhi wa Oman na Zanzibar wakatajwa. Lakini shauri lake kuu ni kwamba ukhalifa utoke kwa Bani Uthman urejee kwa Waarabu wa Kiquraishi, makao yake yawe Makka, khalifa awe kiongozi wa mambo ya dini, na Uingereza iwe mlinzi wake.

Sharti la Uquraishi halikubuniwa na Blunt. Sisi tuliosoma fiqhi ya Imam Shafi'i tunalikuta katika Minhaj ya Imam Nawawi na katika al-Ahkam as-Sultaniyya ya al-Mawardi. Wanazuoni waliotambua ukhalifa wa Bani Uthman walifanya hivyo kwa misingi mingine inayojulikana, mmojawapo ukiwa kushika madaraka kwa nguvu na kuchelea fitna. Kwa hiyo mjadala ulikuwepo, na Blunt aliuokota al-Azhar na Jidda. Kosa lake ni mahali pawili. Kwanza, alimfikiria khalifa kwa sura ya papa wa Roma, mtu wa ibada asiye na jeshi, na al-Mawardi anauanza ukhalifa kwa kulinda dini na kuendesha mambo ya dunia kwa pamoja. Pili, khalifa anayelindwa na manowari za wasio Waislamu ana hukumu yake katika kitabu hicho hicho cha al-Mawardi, nasi tutaifikia.

Zaidi ya hayo, rai hii haikufa. Oktoba 1914 Kitchener alipomwandikia Abdullah bin Husayn wa Makka, alidokeza kuwa huenda Mwarabu wa asili halisi akashika ukhalifa, na mwaka 1916 Sharif Husayn akaingia vitani upande wa Waingereza. Hatusemi Kitchener aliichukua kwa Blunt, kwani wawili hao hawakupendana. Tunasema kuwa hata rafiki wa kweli, kama bado anaamini dola yake ni mlinzi wa watu wengine, anaweza kuandika shauri ambalo adui atalitumia.

Mwaka 1299 Hijria

Septemba 1881 Kanali Ahmad Urabi, mtoto wa mkulima, alisimama na vikosi vyake mbele ya kasri ya Abdin akidai bunge na kuondolewa baraza la mawaziri. Blunt alirejea Misri baada ya hapo, akaonana na Urabi mwezi wa Desemba. Mwezi huo huo, akishirikiana na Sheikh Abduh na wengine, aliandika waraka wa malengo ya chama cha wazalendo, ukachapishwa katika gazeti la Times mwanzoni mwa Januari 1882. Waraka ule ni wa kiasi sana. Unakubali deni lilipwe, unamkubali Sultani, unamkubali Khedivi maadamu anatawala kwa haki. Waliodai kuwa Misri imeshikwa na wendawazimu wa dini walikuwa na waraka huu mikononi.

Tarehe 8 Januari 1882 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja la kumuunga mkono Khedivi, na kila mtu Misri alilielewa kuwa ni tishio. Wakati huo bunge lilikuwa likidai haki ya kuipigia kura ile sehemu ya bajeti isiyokwenda kwenye deni, karibu nusu ya mapato. Balozi wa Uingereza Malet na msimamizi wa fedha Colvin walimtuma Blunt akawatulize wazalendo na wabunge, kwa kuwa walimwamini. Naye alikwenda. Baadaye amekiri kwa uchungu kwamba alitumiwa: aliwaambia rafiki zake maneno ya upole ambayo waliomtuma hawakuwa na nia ya kuyatimiza. Machi 1882 alionana na Waziri Mkuu Gladstone huko London, akatoka na matumaini. Hayakufika mbali. Utafiti wa baadaye katika hesabu za Gladstone umeonyesha kuwa zaidi ya theluthi ya vitega uchumi vyake mwishoni mwa 1881 ilikuwa katika mkopo wa Misri. Blunt alisema tangu mwanzo kuwa vita vile ni vya wenye hati fungani, akaitwa mzushi.

Tarehe 11 Juni yalitokea machafuko Iskandaria, Wazungu wapatao 50 wakauawa na Wamisri wengi. Tarehe 11 Julai, mwishoni mwa Shaaban 1299, manowari za Uingereza ziliupiga mji huo kwa mizinga tangu asubuhi mpaka jioni. Khedivi Tawfiq akaingia katika ulinzi wa Admirali, na akiwa huko akatoa amri ya kumfukuza Urabi na kumtaka aache kupigana.

Sasa tumefika mahali ambapo wanazuoni walitakiwa waseme. Katika mwezi wa Ramadhani mkutano mkubwa ulikusanyika Cairo: maulamaa, wakuu wa mikoa, wafanyabiashara, na hata viongozi wa Wakristo wa Kikopti na Mayahudi. Uamuzi wao ulikuwa kwamba amri za Khedivi zisitekelezwe na ulinzi wa nchi uendelee. Miongoni mwa masheikh waliotoa fatwa dhidi ya Tawfiq alikuwepo Sheikh Muhammad 'Illaysh, mufti wa Malik, mwandishi wa Minah al-Jalil, mzee aliyekaribia miaka themanini, na Sheikh Hasan al-'Idwi.

Je, Urabi alikuwa baghi, yaani muasi wa kisharia? Swali hili si dogo, kwa sababu Septemba 1882 Sultani Abdulhamid, chini ya shinikizo la balozi wa Uingereza, alitoa tangazo la kumwita Urabi muasi, na Waingereza wakalieneza Misri kwa bidii kubwa. Askari Mwislamu aliyekuwa handakini akilinda mji wake dhidi ya jeshi la kigeni aliambiwa kuwa Amirul Muuminina amemhesabu asi. Wako waliolegea kwa sababu hiyo tu.

Al-Mawardi amezungumzia hali ya imamu aliyeingia mikononi mwa adui asiye Mwislamu. Anasema kwa maana kuwa umma unawajibika kumkomboa, naye anabaki na cheo chake maadamu kuna matumaini ya kukombolewa. Matumaini yakikatika, ametoka katika uimamu. Tawfiq hakuwa imamu bali naibu wa Sultani, na hakutekwa, alikwenda kwa miguu yake. Masheikh waliotoa fatwa waliona hali yake ni nzito zaidi ya mateka: naibu aliyejiunga na jeshi linalowapiga mizinga raia zake hana tena utiifu anaodai. Waliopinga walisema kumuondoa naibu ni haki ya aliyemteua, yaani Sultani, na Sultani hakumuondoa. Kila upande ulikuwa na kitabu cha kushika. Sisi tunaona fatwa ya Sheikh 'Illaysh na wenzake ilikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa adui alikuwa amekwisha kuingia, na kulinda mji ulioingiwa ni fardhi ya kila mkaazi wake, haisubiri idhini, kama walivyoeleza fuqahaa wa madhehebu zote katika mlango wa jihadi. Tangazo la Sultani lilikuja likiwa limechelewa, na lilikuja kwa mkono wa adui.

Alfajiri ya Septemba 13, mwishoni mwa Shawwal, jeshi la Uingereza lilivamia ngome ya Tall al-Kabir. Vita havikufika saa mbili. Cairo ilitekwa karibu mara moja. Sheikh 'Illaysh alitolewa nyumbani akiwa mgonjwa, akawekwa kifungoni, na akafia humo mwaka ule ule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sheikh al-'Idwi imepokewa kwamba alipoulizwa na wachunguzi kama alitia sahihi fatwa ya kumuondoa Tawfiq, aliwajibu kuwa wakimletea fatwa hiyo sasa hivi ataitia sahihi mbele yao, na akawauliza wao, wakiwa Waislamu, kama wanaweza kukana kwamba Tawfiq anastahiki kuondolewa. Walimwacha aende zake.

Mpango ulikuwa Urabi ahukumiwe haraka na kunyongwa. Blunt alilipa kutoka mfukoni mwake, akachangisha na wengine, akapeleka mawakili wa Kiingereza, na wakili Broadley akaongoza utetezi. Kwa kuogopa yale ambayo kesi ya wazi ingeyafichua, serikali ilikubali maafikiano. Desemba 3, 1882 Urabi alihukumiwa kifo, na hukumu ikabadilishwa papo hapo kuwa uhamisho. Yeye na wenzake sita walipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na hakurudi Misri mpaka mwaka 1901. Abduh alifukuzwa nchini, akaenda Beirut kisha Paris, ambako mwaka 1884 yeye na Sayyid Jamaluddin al-Afghani walitoa al-'Urwa al-Wuthqa. Blunt naye alizuiwa kuingia Misri kwa miaka kadhaa.

Baada ya Misri

Kuanzia hapo tunamuona Blunt mwingine. Mwaka 1883 alikwenda India akipitia Ceylon kumzuru Urabi. India ndiyo iliyokuwa fahari ya dola yao, na alikwenda akiwa bado na tumaini kwamba kule angalau utawala ni mwema. Aliona kodi ya chumvi, wakulima walio katika madeni kama wale wa Misri, watu waliozuiwa kuingia misitu yao, na maafisa wasiokula meza moja na wenyeji. Kitabu chake cha 1885 kuhusu India kinasema hayo waziwazi. Kisha akageukia Ireland. Mwaka 1887 alihutubia mkutano uliopigwa marufuku, na mwanzoni mwa 1888 akafungwa miezi miwili katika magereza ya Galway na Kilmainham. Mtu aliyeanza kwa kusema Mfaransa ni mbaya na sisi ni wazuri, alimaliza akiwa na nguo za mfungwa katika jela ya serikali yake.

Mwaka 1906 likatokea tukio la Dinshawai. Maafisa wa Kiingereza walikwenda kuwinda njiwa wa wanakijiji, ugomvi ukazuka, afisa mmoja akafa, kwa dalili zilizopo kwa kupigwa na jua. Mahakama maalumu iliwashitaki watu 52, ikawanyonga wanne na wengine ikawachapa viboko mbele ya nyumba zao, jamaa zao wakitazama. Blunt alitoa kijitabu mwaka ule ule kikieleza dhulma ya mahakama za aina hiyo tangu 1882. Mwaka uliofuata Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa karibu robo karne, aliondoka, na Blunt akatoa historia yake ya siri ya uvamizi wa Misri.

Uzito wa ushahidi wake

Turudi kwenye swali la wanafunzi. Katika sharia, shahidi mbele ya kadhi anatakiwa uadilifu, na kwa jumhuri ya wanazuoni Uislamu ni sharti la uadilifu huo, isipokuwa katika mambo mahususi waliyohitilafiana. Blunt hana Uislamu, na maisha yake ya nyumbani yalikuwa mabaya: alimkosea mkewe kwa zinaa nyingi ambazo mwenyewe ameziandika, mpaka wakatengana mwaka 1906. Kwa kadhi hapiti.

Lakini habari ya historia si ushahidi wa mahakamani. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) katika Hijra walimkodi mwongoza njia wa Bani ad-Dil aliyekuwa katika dini ya Maquraishi, wakamkabidhi ngamia zao na roho zao, kwa sababu aliijua njia na aliaminika katika kazi yake. Na katika Suratu Yusuf (aya ya 26) shahidi aliyesaidia kumtakasa Nabii Yusuf (a.s.) alitoka katika jamaa za mwanamke yule yule aliyemzulia. Wafasiri wameeleza kuwa ushahidi wa namna hiyo una nguvu kwa kuwa mtu haelekei kusema dhidi ya wake ila kwa jambo lililomdhihirikia. Blunt alipoteza heshima kwa wenzake, akafungiwa nchi, akatumia mali yake. Hilo linaingia katika mizani.

Pamoja na hayo, Suratul Hujurat (aya ya 6) inatuamrisha kuchunguza, na uchunguzi unaonyesha nyufa. Katika machafuko ya Iskandaria Blunt anamtuhumu Khedivi na gavana wa mji kuwa waliyapanga. Hakuwepo: alikuwa Uingereza, alipokea habari kutoka kwa rafiki zake, na wanahistoria waliokuja baadaye hawakuona kuwa tuhuma hiyo imethibiti. Anayenukuu Blunt kuhusu mashamba ya 1876 au mazungumzo ya Januari 1882 ananukuu aliyeona na kusikia. Anayemnukuu kuhusu Iskandaria ananukuu fununu. Hizi si daraja moja.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo mwanafunzi wa elimu ya hadithi atalipenda. Machi 1903, Urabi akiwa ameshazeeka na amerudi nyumbani, Blunt alimketisha akaandika maelezo yake ya mambo yote kutoka kinywani mwake. Kisha hakuyachapisha vivyo hivyo. Aliyapeleka kwa Sheikh Muhammad Abduh, ambaye alikuwepo katika matukio na ambaye tangu mwanzo hakuwa na imani na njia ya wanajeshi, naye akayapitia, akakubali pengine na kukataa pengine. Maneno ya wote wawili yamo mwishoni mwa kitabu, msomaji ayalinganishe. Wengi wetu tunaoandika historia za masheikh wetu wa pwani hatufanyi hivyo. Tunampata mzee mmoja, tunaandika, tumemaliza. Nasi wa Afrika Mashariki tuna deni kwa mduara ule wa Abduh, kwani ni kutokana na mafundisho yake na gazeti la al-Manar la mwanafunzi wake Rashid Rida ndipo Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alipata msukumo alipotoa as-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa.

Ama kusilimu kwake, hakukuwepo. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi moyo wake ulielekea huko na alivaa mavazi ya Kiarabu akiwa Misri. Mwaka 1897 alisafiri jangwa la magharibi mpaka Siwa akiwatafuta Wasanusi, akitaraji kukutana na Uislamu safi. Wenyeji walimshambulia, wakampiga na kumpora. Alirudi amekata tamaa na akaandika kuwa hana tena matumaini na dini yoyote. Tunaumia kuyaandika haya, kwa sababu waliompiga walikuwa watu wa kibla, na mgeni alikuja akiuliza. Khatibu anayesema alisilimu anawafichia wasikilizaji habari hiyo ya Siwa, ambayo wanahitaji kuisikia.

Alifariki Septemba 10, 1922. Kwa wasia wake alizikwa msituni katika shamba lake la Sussex, bila jeneza na bila ibada ya kanisa, akiwa amezungushiwa zulia lake la safari alilokuwa akilitumia Uarabuni. Kwamba alitamka kalima kabla ya hapo, hakuna aliyelipokea.

Wallahu a'lam.